Vitamini za viungo: geuza kopo usome nyuma

Goti likiuma, wengi wetu hapa Kigoma tunakimbilia duka la dawa kuulizia vitamini ipi nzuri. Kinachotangulia ni kujua unaumwa nini. Goti lililosagika huuma ukitembea na kutulia ukipumzika. Baridi yabisi hushika vidole vya mikono yote miwili, na asubuhi vinakakamaa saa nzima au zaidi. Jongo huvamia ghafla usiku, mara nyingi kwenye kidole gumba cha mguu, hata shuka likigusa huwezi kuvumilia.

Kirutubisho chenye ushahidi mzuri kwa baridi yabisi ni mafuta ya samaki, na hapo ndipo wengi wanapoteza hela. Ile miligramu 1000 iliyoandikwa mbele ni uzito wa mafuta yote. Geuza kopo, tafuta EPA na DHA, yaani mafuta ya omega-3 yanayofanya kazi: mara nyingi utakuta 180 na 120, yaani 300 tu. Kiasi kinachopunguza maumivu ni karibu gramu 3 za hizo mbili kwa siku, sawa na kapsuli 10 za namna hiyo, tena kwa miezi 2 hadi 3. Aliyemeza moja moja kwa wiki mbili akaacha hajaijaribu bado. Meza pamoja na chakula, la sivyo utacheua shombo kutwa. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, amwone daktari kwanza. Na usifikishe kiasi hicho kwa mafuta ya ini la samaki: vitamini A yake ikizidi huumiza ini, na kwa mjamzito humdhuru mtoto tumboni.

Mwenye jongo apunguze dagaa, hata wale wabichi wa Kibirizi, kwa sababu purini zao, kemikali za asili za chakula, huishia kuwa asidi ya yuriki, ile inayoganda kwenye maungio na kuleta jongo. Vitamini C hushusha asidi hiyo kidogo tu; haichukui nafasi ya dawa.

Vidonge vya B1, B6 na B12 ni vya mishipa ya fahamu, kama mwenye ganzi, havitibu maungio. Vingi vina miligramu 200 za B6. Ukivimeza miezi mingi vinaweza kukuletea ganzi ileile unayoikimbia.

Ukiandikiwa methotreksati, dawa ya baridi yabisi, foliki asidi (vitamini B9) ni ya lazima, imezwe siku tofauti. Methotreksati yenyewe ni mara moja kwa wiki. Chagua siku, iandike juu ya pakiti kwa kalamu nzito, na umwonyeshe anayekupa dawa nyumbani. Kuimeza kila siku kunaweza kuua.