Nilienda Bukavu Kuchomea Samaki

Pale bandarini Goma askari aliniuliza nimefunga nini ndani ya kitenge. Nikamwambia ni mashine ya kuchomea.

"Unaenda kuchomea nini Bukavu?"

"Samaki," nikajibu bila kufikiri.

Alinitazama, akaitazama ile mashine iliyokuwa imenipinda bega, akacheka mpaka wenzake wakaja kuuliza kuna nini. Nikapita wakiwa bado wanacheka.

Nilikuwa nasema kweli. Mimi ni fundi wa milango na madirisha ya chuma, kazi yangu iko Birere, mtaa wa Goma. Rafiki yangu wa Bukavu, mchoraji tuliyesoma naye zamani, alinipigia simu: yeye na vijana wa mtaa wake wameokota machupa, kandambili na sasheti, ile mifuko ya plastiki, ndani ya Ziwa Kivu kwa miezi, wanataka kujenga sambaza, yule samaki mdogo wa ziwa letu, mrefu kama teksi, asimame karibu na gati ili kila anayeshuka botini amwone. Uchafu wanao, nguvu wanazo, ila hawana mtu wa kumtengenezea mifupa. Samaki nilikuwa sijawahi kumtengeneza. Nikamwambia nakuja.

Ilikuwa Novemba 2023, mvua kila jioni. Nilipanda boti kubwa la usiku kwa sababu kanoti, boti dogo la mbio, ni ghali na haipendi mizigo ya chuma. Tulipopita upande wa kisiwa cha Idjwi giza lilikuwa limeshika, na taa za wavuvi wa sambaza zikaanza kuonekana: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, wavu katikati, taa juu ya maji. Wanapopiga kasia wanaimba, na sauti inafika kwenye boti kabla hujawaona wenyewe.

Huku ndani watu walikuwa wanakula. Jirani yangu, mzee wa suti anayesoma karatasi zake kwa mwanga wa simu, alimaliza maji, akafunga kizibo vizuri, akanyoosha mkono dirishani akaachia chupa bila kuinua macho. Nyuma yake mwingine. Mbele, mtoto aliyefundishwa na mama yake afanye hivyo hivyo. Chupa yangu nilibaki nayo mkononi hadi asubuhi, na sisemi kwamba ni wema. Ni aibu ya safari yenyewe: mtu huwezi kwenda kujenga samaki wa machupa huku unaongeza machupa.

Ziwa Kivu lina kina cha karibu mita 480, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja tu: mto Ruzizi, pale Bukavu. Kinachoelea Goma, Minova au Kalehe, upepo na mkondo vikikisukuma, mwisho wake ni kule. Ng'ambo, Rwanda, sasheti zilikatazwa tangu 2008, na mama zetu wanajua jinsi zinavyovuliwa kwenye mizigo pale barière, mpakani. Kwetu Kongo pia amri ya kuzikataza ilitiwa sahihi Desemba 2017. Nenda sokoni Kadutu ununue nyanya za franka mia tano uone zitafungiwa ndani ya nini.

Alfajiri Bukavu ilitokea kwenye ukungu na zile rasi zake tano zilizonyooka majini kama vidole. Karibu na gati boti lilipunguza mwendo, na maji yakabadilika sauti. Hayakupiga tena ubavuni, yalikwaruza. Nikachungulia: machupa, machupa, kandambili moja ya bluu, dumu lililopasuka, lile tunaloita bidoni, machupa.

Uani kwa rafiki yangu uchafu ulikuwa umepangwa kwa heshima kuliko bidhaa za maduka mengi ninayoyajua. Vizibo vya bluu gunia moja, vyekundu gunia lingine. Kandambili zilikuwa karibu zote za mguu wa kushoto. Hakuna aliyeweza kunieleza kwa nini, na mabishano juu ya jambo hilo yalichukua nusu saa nzima. Sambaza anang'aa kama fedha, na rangi ya fedha ndiyo iliyowasumbua zaidi, mpaka binti mmoja alipogundua kwamba pakiti za maziwa ya unga ukizigeuza ndani nje zinang'aa vile vile. Alikuwa amekaa kwenye kigoda na mkasi, anazikata magamba, moja moja, ukubwa wa kucha ya dole gumba. Ndoo yake ilikuwa imejaa.

Vijana walinionyesha kwenye simu video ya Flipflopi, lile jahazi la Lamu lililojengwa kwa karibu tani kumi za plastiki na kuvikwa kandambili zipatazo 30,000. Lilishushwa majini 2018, mwaka uliofuata likasafiri hadi Zanzibar, na 2021 likazunguka Ziwa Viktoria. Walikuwa wameitazama mara nyingi sana, hata maneno ya nahodha wanayajua. "Wao wana bahari," mmoja akasema, "sisi tuna Kivu."

Nikapima, nikakata nondo, zile tunazoita ferabeto, nikapanga mbavu chini kwenye udongo. Walikuwa wameshafunga machupa kwenye waya wa kichwa kabla sijafika, nikawaambia wafungue yote. Hawakufurahi. Lakini cheche moja ya bageti, kijiti cha kuchomea, ikianguka kwenye plastiki unapata tundu, moshi mweusi na kichwa kinachouma siku nzima. Kwanza mifupa, kisha nyama.

Nilichomea mbavu nne. Ya tano, umeme ukakatika.

Tulikaa. Kinyozi wa jirani akatoka na mteja wake aliyenyolewa upande mmoja, wote wawili wakatazama waya juu kama watu wanaotazama mvua. Rafiki yangu ndiye aliyewaeleza, na alieleza kwa kidole, akionyesha lile rundo letu. Bwawa la Ruzizi I liko kilomita chache tu baada ya mto kutoka ziwani. Maji yanafika pale na vyote yanavyobeba. Machupa na majani yanajaa kwenye vyuma vya kuchujia, maji yanapungua kwenye mashine, umeme unapungua mjini. Kuna siku wapiga mbizi wanashuka kuutoa uchafu kwa mikono.

"Kumbe chupa njo inatukatia moto?" mteja akauliza, mkono kwenye upande usionyolewa.

Sitaapa kwamba siku ile kosa lilikuwa la machupa. Waya za mji huu zina sababu nyingi za kulala. Ila yule bwana alisimama pale muda mrefu, halafu akaanza kuchagua vizibo.

Tulingoja siku moja na nusu. Mwishowe tukachanga mafuta tukakodi grupu, yaani jenereta, na ndiyo maana huyu samaki, ukitaka kumjua kwa ndani, nusu ya mifupa yake ni ya umeme wa Ruzizi na nusu ni ya petroli.

Siku ya nne tulimbeba hadi karibu na gati, watu wanane, na mvua ikitunyeshea. Mgongo vizibo vya bluu, ubavu magamba ya pakiti za maziwa, mdomo nusu ya bidoni la njano. Tumbo tuliliacha wazi kwa wavu, ndani yake sasheti nyeusi zimesokotwa kama utumbo. Sikutegemea, lakini nilijivuna.

Mama mmoja muuza sambaza alitua beseni lake akamzunguka samaki mara mbili.

"Hii haiko sambaza, baba."

"Ni sambaza, mama."

"Sambaza iko na mukia wa namna hii." Akachukua mmoja kwenye beseni, akamweka kiganjani mwangu. Mkia wenye panda, kama mkasi uliofunguliwa. Wangu nilikuwa nimeufunga duara, kama wa tilapia. Vijana wakacheka kuliko askari wa Goma. Nikarudi kuleta mashine, tukafunika magamba kwa magunia yaliyolowa, nikakata mkia nikauchomea upya huku mama amesimama nyuma yangu akisahihisha pembe kwa kidole. Mzee wa mitumbwi aliyekuwa akitazama akasema samaki hao si wa asili ya Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Basi sambaza na bwawa la Ruzizi, lililojengwa miaka ile ile, ni rika moja, nikawaza, na Ruzizi inateremka kule kule walikotoka.

Mkia ulipokubalika, mama akainama kwenye tumbo, akavuta ncha ya sasheti moja nyeusi.

"Hizi ni zangu," akasema. Kisha akamgeukia rafiki yangu, bila hasira: "Sawa. Na mimi nitafungia batu sambaza ndani ya nini?"

Mmoja akataja majani ya migomba. Mama akamwuliza mgomba uko wapi hapa mjini, na jani linauzwa bei gani. Mwingine akasema vikapu. Mama akacheka.

Jioni, kabla ya kupanda boti, nilinunua kwake vipimo viwili vya sambaza za kukaanga nipeleke nyumbani. Alitafuta kwenye vitu vyake, akapata gazeti, akazifunga vizuri sana, pembe kwa pembe. Mafuta yakapita mara moja, yakanitiririkia kwenye vidole. Akanitazama, mimi nikamtazama, na nyuma yake samaki alikuwa ametukodolea macho. Akaingiza mkono mfukoni mwa aproni yake, akatoa sasheti nyeusi, akaipuliza ifunguke.

Nikaipokea.