Kofia inayopimwa kwa uso

Asubuhi ya tarehe 26 Juni 2024 niliingia zamu nikakuta ukumbi umechangamka kuliko kawaida. Wazee wamegeuza viti kuelekea televisheni, uji wa mchele unawapoa mbele yao. Zilikuwa picha za London za jana yake: Mfalme Naruhito na Malkia Masako wa Japani wamepokewa kwa gwaride, sasa wanapitishwa barabarani kwa magari ya farasi. Masako kakaa na Malkia Camilla wa Uingereza, mavazi meupe, kofia nyeupe, na barakoa usoni kwa sababu farasi humletea mzio. Mimi niliitazama barakoa. Bibi zangu walitazama kofia.

"Angeilaza kidogo zaidi," alisema mmoja.

"Ingemziba jicho," akajibu bibi wa chumba cha mwisho, na mjadala ukafungwa hapo, maana katika mambo ya kofia yeye ndiye kadhi wetu.

Nafanya kazi katika nyumba ya kutunzia wazee, nje kidogo ya Tokyo, mwaka wa nne sasa. Nilidhani nikija Japani nitajifunza kimono. Kimono nimejifunza kidogo, kufunga na kufungua, kwa ajili ya sikukuu. Nilichojifunza hasa ni kofia za wanawake wa kasri, na mwalimu wangu ni huyo bibi. Mwaka 1959, akiwa na miaka 22, alikuwa akiuza glavu na kofia katika duka moja kubwa la mjini. Huniita "dada", kama wazee wengi hapa wanavyowaita wahudumu, hata kama wahudumu wenyewe ni wajukuu zao kwa umri.

Kanuni ni nyepesi ukishaambiwa. Mwanamke wa kasri akivaa kimono, hana kofia, abadani. Usiku, kwenye dhifa, au kwenye sherehe kubwa kabisa, ni taji dogo la vito. Mchana, akivaa gauni au suti ya kizungu kwenye shughuli rasmi, ndipo kofia inapoingia, na mara nyingi gauni na kofia huwa kama zimekatwa jora moja. Bibi wa chumba cha mwisho akiona kofia ya rangi inayokaribiana tu na gauni hukunja uso kama mtu aliyeonjeshwa mchuzi usio na chumvi.

Kilichonishangaza mwanzoni ni udogo wa kofia hizo. Mimi ni mtu wa Unguja, nimelelewa na bibi mshona kofia. Kwetu kofia ni ya mwanamume, lakini mkono ni wa mwanamke. Unachora maua kwa penseli kwenye kitambaa cheupe, unatoboa viua kimoja kimoja, kila kitundu unakizungushia uzi mpaka kisimame, na kofia moja inaweza kukukalisha barazani miezi. Ikiisha inavaliwa na mtu mwingine, anakwenda nayo Ijumaa, wewe unabaki na macho mekundu. Lakini kofia ile angalau ni kofia: inaingia kichwani. Hizi za akina Malkia Michiko, mama yake Naruhito, niliona, haziingii popote. Ni kisahani kimeegeshwa upande wa nywele. Jua hakizuii, mvua hakizuii. Nikamuuliza bibi, sasa hii ni kofia ya kazi gani?

Akaniambia niangalie watu wanavyoinama.

Kweli nikaangalia. Michiko, ambaye sasa ni malkia mstaafu, aliinama maisha yake yote: kwa mabalozi, kwa wanafunzi, kwa wazee wenye bendera za karatasi kando ya barabara. Mwanamke mwenye kofia ya ukingo mpana akiinama, watu wanaachiwa ukingo, uso umekwenda. Mwenye kisahani akiinama, uso unashuka na unapanda nao, wanauona. Na kofia haitikisiki. Kuna kitana kidogo kimeshonewa ndani, kuna pini, pengine na uzi wa mpira uliopita chini ya nywele kisogoni. Malkia Elizabeth alivaa rangi kali ili umati umwone hata kwa mbali. Hawa wa huku, naona mimi, wanavaa kwa ajili ya aliye hatua mbili mbele yao.

Michiko hakuzaliwa kasrini. Ni binti wa tajiri wa viwanda vya unga wa ngano, na alipoolewa na Akihito, baba yake Naruhito, tarehe 10 Aprili 1959 alikuwa mwanamke wa kwanza wa kawaida kuolewa na mrithi wa kiti. Nchi ilishikwa na wazimu wa kumtazama. Leseni za televisheni zilikuwa milioni 1 mwezi Mei 1958; ilipofika Aprili ya harusi zilikuwa milioni 2. Zaidi ya watu laki tano walijipanga barabarani gari lake la farasi lilipopita. Bibi yangu wa chumba cha mwisho hakwenda. Alikuwa dukani. Anasema baada ya harusi wasichana walikuja wakitaka kitu chochote, glavu, mkanda, utepe wa nywele, mradi kifanane na cha Michiko, na yeye aliwauzia vitu visivyofanana naye hata chembe. Analisema hili bila toba yoyote.

Nyuma ya kofia nyingi za Michiko alikuwepo fundi mmoja, Hirata Akio, aliyezaliwa 1925 na kufariki 2014. Alikwenda Paris miaka ya 1960 kujifunza kwa fundi Jean Barthet, akarudi Tokyo akawashonea kasri na pia wabunifu wa mitindo kama Kawakubo Rei na Yamamoto Yohji, watu ambao nguo zao zinaonekana zimeraruliwa makusudi. Mkono uleule! Hilo lilinifurahisha, sijui kwa nini. Labda kwa sababu bibi yangu wa Unguja naye alimshonea sheikh na mchezaji dansi, na wote wawili walimdai chenji.

Jambo ninalolirudia sana na wenzangu wa Afrika Mashariki walioko huku ni hili la Ise. Hekalu la Ise ni mahali patakatifu kuliko pote katika dini ya Shinto. Novemba 2019, baada ya Naruhito kutawazwa, walikwenda huko kutoa taarifa kwa mungu wa kike wa jua, na Masako aliingia amevaa nini? Gauni refu jeupe la kizungu lililofunga mpaka shingoni, na kofia. Machi 2024 binti yao Aiko, kabla ya kuanza kazi Shirika la Msalaba Mwekundu, naye akaenda vivyo hivyo, gauni refu na kofia yake. Mwenzangu mmoja Mkenya alicheka: mahali pa jadi kuliko pote, vazi la Ulaya!

Lakini vazi hilo lina umri kasrini. Mke wa Mfalme Meiji alianza kuonekana hadharani na nguo za kizungu mwaka 1886, na Januari 1887 akatoa waraka kuwahimiza wanawake wavae hivyo, ila vitambaa viwe vya Kijapani. Angalia hiyo "ila". Na sisi tuwacheke kwa lipi? Kanga za bibi zetu, tunazoziita vazi letu, nyingi zilichapwa hapahapa Japani zikapakiwa meli kwenda Mombasa na Unguja. Nilipomwambia hivyo bibi wa chumba cha mwisho aliniuliza zilikuwa na rangi gani, na kama hazikuchuja.

Nakuja kwenye kisa chenyewe. Huku mtu akitimiza miaka 60 huvishwa kofia nyekundu na kizibao chekundu, na akifika 88 ni rangi ya dhahabu au manjano, kwa kuwa ukiandika themanini na nane kwa herufi zao na kuzibananisha unapata herufi ya mchele. Kofia yenyewe ni laini, imejaa hewa, kama mkate wa boflo ulioumuka kupita kiasi. Nyumba yetu ina moja, inazunguka kwa kila anayefikisha. Zamu ya bibi wa chumba cha mwisho ilipokaribia alitangaza mezani kwamba haivai. Anataka kofia kama ya Michiko. Kila mtu akacheka, kisha wote wakanigeukia mimi, maana ni mimi niliyejisifu kwamba kwetu tunashona kofia. Ulimi huu.

Nilishona usiku tatu. Kitambaa alinipa mwenyewe, kipande cha suti yake ya zamani ya kijivu. Ndani nikatia kile kitambaa kigumu cha kola, tabaka mbili. Nikampima kichwa kama nilivyofundishwa, uzi kuzunguka paji hadi kisogoni, nikakata. Nilipomvisha ilimshukia mpaka masikioni.

"Dada," alisema kutoka ndani ya kofia, "umeniletea sufuria."

Kosa lilikuwa kupima kichwa. Akaniketisha mbele yake, akachukua mkono wangu, akauweka wazi kwenye shavu lake: kutoka mfupa wa shavu mmoja hadi wa pili, hicho ndicho kipimo, na usizidi. Nikarudi nyumbani, nikafumua, nikakata upya. Nikafukizia kwa mvuke wa birika na kukibana juu ya bakuli la supu lililofunikwa, kikakauka usiku kucha kikiwa na mbonyeo. Nikatia waya mwembamba ukingoni. Kitana nikanunua duka la yeni mia. Na pembeni, mahali ambapo wao wangeweka ua la hariri, nikatoboa viua saba kwa uzi wa kijivu. Sikumwambia.

Siku yenyewe alivaa suti, glavu, na kisahani chake kimelala upande wa kushoto. Binti yake alikuja na mjukuu. Walipoimba na kupiga makofi aliinama kutoka kitini, taratibu, chini sana, nikashika pumzi yangu kwa ajili ya kile kitana. Hakikusogea. Uso ulipanda, wote tukauona.

Baadaye, nilipokuwa namvua pini, akapitisha kidole kwenye vile vitundu.

"Hivi Michiko-sama hana," alisema.

"Hana," nikamwambia. "Ni vya kwetu. Kwetu huvaa wanaume."

Akafikiri kidogo. "Basi acha pini," akasema. "Chakula cha jioni bado."