Ninavyogawa keki ya fondanti kwenye sale (ukumbi) iliyojaa

Hapa Lubumbashi keki ya arusi hupigwa picha karibu sawa na bibi arusi mwenyewe. Maarusi hukata kipande kimoja, hulishana, vigelegele hupigwa. Kazi yangu inaanzia hapo, maana wageni ni wengi, na si wote walioalikwa.

Mbele ya watu sikati. Vijana wa protokoli, wanaohudumia wageni, huipeleka jikoni, nami huteremsha ghorofa moja moja kuanzia juu, nikichomoa vijiti vilivyozibeba. Nahesabu vijiti nikivichomeka, nahesabu tena nikivichomoa. Kijiti kikiingia mdomoni mwa mgeni, biashara imekwisha.

Kisha naivua fondanti, lile vazi jeupe la nje la keki. Ule ni unga wa sukari uliokandwa na glukosi na jelatini. Ukiukata pamoja na keki, kisu kinaburuza na keki inavurugika. Nachana ukingo kwa ncha ya kisu, navuta polepole, krimu ya siagi inabaki chini. Wengi huisukuma pembeni ya sahani hata hivyo. Ila siku moja shangazi wa bibi arusi alinisimamia mlangoni:

"Mama, ile nyeupe tuliilipia. Iko wapi?"

"Iko, shangazi. Inakuja kwenye meza yenu."

Tangu hapo naikata vipande vidogo, naviweka kwenye sahani ya peke yake. Watoto huimaliza kabla wazee hawajanyoosha mkono.

Pembetatu sikati, zinamaliza keki haraka. Nakata mapande marefu ya sentimita 5, kisha kila pande kwa sentimita 2.5, kisu kikichovywa maji ya moto na kupanguswa kila mara. Duara la sentimita 30 linatoa vipande kama 50. Wageni wakizidi, nina keki ya sinia jikoni, unga uleule, bila mapambo. Kwenye sahani hakuna anayeijua.

Masika friji siitumii. Fondanti ikitoka kwenye baridi na kukutana na hewa yenye unyevu inatoka jasho, inanata, rangi za maua zinachuruzika. Na umeme wetu mnaujua, hukatika. Kwa hiyo ndani naweka ganashi, yaani chokoleti iliyoyeyushwa kwa krimu ya moto, badala ya krimu ya maziwa iliyopigwa, halafu keki inalala ndani ya katoni, kwenye chumba chenye ubaridi.

Ghorofa ya juu ni ya maarusi. Naifunga, namkabidhi yaya, ndugu mkubwa wa bibi arusi, mkononi, mbele ya shahidi, kwa sababu jikoni mwa sale vitu vina miguu.