Sinigang: tunda ndilo linaloamua sufuria

Watu wengi wakisikia matunda ya Ufilipino wanawaza embe tamu la kisiwa cha Guimaras. Jikoni kwenyewe, tunda bichi ndilo lenye kazi kubwa. Ukwaju mbichi, embe bichi na mbilimbi, ambazo wao huziita kamias, ndivyo vinavyotia uchachu kwenye sinigang, mchuzi mwepesi unaoliwa na wali.

Kwa kilo 1 ya mbavu za nguruwe na lita 2 za maji, tafuta gramu 250 hivi za ukwaju wenye ganda la kijani. Uchemshe pembeni kwa vikombe 2 vya maji hadi maganda yapasuke, uponde kwa mwiko, kisha uchuje. Blenda usiiguse: mbegu zikisagika, mchuzi unapata ukakasi ambao hakuna chumvi itakayouficha.

Maji ya kupikia ni hugas-bigas, yaani maji ya pili ya kuoshea mchele. Wanga wake huupa mchuzi uzito kidogo. Chemsha nyama humo pamoja na kitunguu na nyanya, engua povu, acha moto mdogo kwa saa 1 au zaidi. Nyama ikilainika, tia vipande vya magimbi. Viwili vitatu vipondee humo humo.

Hapa ndipo wengi huharibu. Ukwaju ukitangulia, asidi yake hukaza magimbi, nawe utachochea moto bure. Ngoja magimbi yaive, kisha mimina ukwaju nusu, onja, ongeza. Zifuate bilinganya na pilipili ndefu ya kijani, nzima, isipasuliwe. Kangkong, mboga ya majani inayoota majini, iingie moto ukishazimwa. Funika dakika 2. Patis, maji ya samaki waliochachushwa kwa chumvi, yaje mwisho kwa kijiko, maana uchachu na chumvi hudanganyana.

Pakiti za unga wa sinigang zinaokoa muda, sikatai, ila chumvi imo tayari na huna pa kurudi nyuma.

Kwa samaki bangus, yaani mwatiko, mapera ni bora kuliko ukwaju, na hapo kanuni inageuka: yawe yameiva. Yachemshe, yaponde, chuja mbegu zote, ndipo samaki waingie kwa dakika 8 hadi 10. Usikoroge, tikisa sufuria tu, la sivyo utabaki unachambua miiba ndani ya mchuzi.