Tuliomba kwanza, ndo tukambebea kochi lake

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Hii stori nimekaa nayo toka mwezi wa saba mwaka jana, nimeianza mara nyingi nikaifuta, leo nimesema naimaliza hata kama itakuwa ndefu, mnivumilie.

Mi nakaa Uyole, biashara yangu ni viazi, na kwa miaka minne nimekuwa mweka hazina wa kikoba chetu cha akina mama hapa mtaani. Tuko ishirini na tatu, Moravian tupo, Walutheri wapo, Wakatoliki, walokole, wote. Kila Jumamosi saa kumi tunakutana kwa mmoja wetu kwa zamu, tunafungua kwa wimbo na maombi, mwenye nyumba anasoma neno, afu ndo sanduku linafunguliwa, kufuli tatu na washika funguo watatu. Hisa, mfuko wa jamii, marejesho, faini, mikopo mipya. Ukitaka kukopa unapewa mpaka mara tatu ya hisa zako, riba asilimia kumi, wadhamini wawili, na kwenye fomu unaandika vitu vyako vya ndani kuwa dhamana. Wanaocheza vikoba wanajua. Na navipenda mpaka leo, kuna watoto wamesoma kwa lile sanduku na kuna nyumba zimeezekwa.

Sasa kulikuwa na mwenzetu mmoja, jina silitaji, alikuwa anauza chai na maandazi asubuhi. Alikopa laki tatu. Mwezi wa kwanza akaleta rejesho, wa pili akaleta, wa tatu akaleta nusu, baada ya hapo hatukumwona tena kwenye kikao na simu hapokei. Ndo maneno yakaanza, na nikiangalia nyuma naona dhambi yetu ilianzia hapo kwenye maneno, kochi lilikuja baadaye tu. Mmoja akasema kamwona Mwanjelwa ana kitenge kipya, mwingine akasema mume wake yuko machimboni Chunya analeta hela ya dhahabu wanakula tu, na mimi, mweka hazina, mwalimu wa Sunday school, nikasema yule toka zamani ni mcha Mungu wa mdomoni. Nilisema kwa sauti na watu wakaitikia. Kutoka kwangu mpaka kwake ni dakika saba kwa miguu, na kwa miezi mitatu yote hakuna hata mmoja wetu aliyeenda kumuuliza dada una nini.

Katiba yetu ilisema miezi mitatu bila rejesho dhamana inachukuliwa, kwa hiyo tulienda. Tulikuwa saba, ile baridi ya Uyole ya mwezi wa saba unaijua, asubuhi nyasi nyeupe kwa jalidi. Kabla ya kutoka tukashikana mikono tukaomba, mwenzetu mmoja akasema Bwana ututangulie. Tukaenda na guta. Alifungua mlango, hakubishana, alisema tu naombeni mniongezee mpaka mwisho wa mwezi. Tukamsomea fomu yake. Tivii ndogo, jiko la gesi na mtungi, kochi la watu watatu.

Kwenye kochi alikuwa amelala mtoto wake, wa miaka minne hivi, kafunikwa kitenge. Kile kile cha Mwanjelwa.

Mimi ndo nilimwinua. Nikamweka chini kwenye mkeka, akashtuka akaanza kulia, na sisi tukabeba kochi tukatoka nalo huku analia. Nilikuwa na karatasi mkononi, kila kitu kimeandikwa na sahihi yake ipo pale chini, na kwa kweli siku ile sikujisikia vibaya hata kidogo. Nililala usingizi mzuri. Hilo ndo linaloniogopesha mpaka leo.

Kochi lilinunuliwa na mwanakikoba mwenzetu kwa elfu themanini, hela ikaingia kwenye sanduku. Kama wiki mbili hivi zamu ya kikao ikawa kwake. Tumefika, tumekaribishwa, nafasi iliyobaki ni pale, nikakaa. Mwenye nyumba akafungua Biblia akasoma Zaburi ya 133, "Tazama, jinsi ilivyo vema, na kupendeza, ndugu wakae pamoja, kwa umoja." Nikaweka mkono pembeni ya kochi nikagusa mahali palipochanika pameshonwa kwa uzi mweupe, mshono wa mkono, wa mtu ambaye alikuwa anakitunza kitu chake. Sikusikia tena chochote kilichosemwa. Hesabu za siku ile nilikosea mara mbili mpaka katibu akanisaidia.

Usiku ule nikamkumbuka mzee wangu wa Ntokela. Hii wengi hamuijui. Miaka sita nyuma nilichukua kwake gunia arobaini za viazi mali kauli, yaani niuze kwanza ndo nimlipe, na wakati huo tulikuwa tunafunga lumbesa, gunia linajazwa kupita kipimo, kwa hiyo mzee alikuwa ananipa viazi vingi kuliko nilivyohesabu, na hilo nalo nitalijibu siku yake. Fuso likaharibika chini ya Kitonga, Ruaha Mbuyuni kule kwenye joto, likakaa siku nne. Viazi vya baridi vile vikaoza vyote. Deni lilikuwa milioni mbili na laki mbili. Nilipanda Ntokela natetemeka, nikapiga magoti kwake jikoni, mzee akakaa kimya akachochea moto, afu akasema mwanangu nenda, viazi tutapanda tena. Mpaka anafariki hakunidai na hakumwambia mtu. Mtaji nilioanza nao tena, hela niliyonunulia hisa zangu za kwanza kwenye kikoba, ilikuwa ni ile ambayo hakunidai.

Na Mathayo 18 nimeifundisha watoto miaka na miaka. Petro anauliza nimsamehe ndugu yangu mara ngapi, hata mara saba? Yesu anamjibu hata saba mara sabini, afu anampa mfano wa mtumwa aliyesamehewa talanta elfu kumi akatoka nje akamkuta mwenzake anayemdai dinari mia, akamshika koo. Dinari ilikuwa ujira wa kibarua wa siku moja, ndo ile ya wale wa shamba la mizabibu kwenye Mathayo 20. Talanta moja wanasema ni kama dinari elfu sita. Nilikaa na kalamu. Talanta elfu kumi ni dinari milioni sitini, mtu afanye kibarua kila siku bila Jumapili anahitaji zaidi ya miaka laki moja na sitini elfu kulimaliza. Hiyo nilikuwa najua kuisimulia na watoto wanacheka.

Ila kilichonishika safari hii ni zile dinari mia. Siku zote nilizifundisha kama vihela tu, kitu cha kupuuza. Siyo! Ni siku mia za kibarua, miezi mitatu na zaidi ya mtu kuinama shambani. Yesu hakusema yule mwenzake hakuwa anadaiwa. Alikuwa anadaiwa kweli, deni halali, na pengine hata fomu ilikuwepo. Na bado yule aliyemshika koo alikosea. Mi nilikuwa nadhani nikiwa na haki basi sina dhambi, nilikuwa nadhani hivyo ni vitu viwili ambavyo haviwezi kukaa kwa mtu mmoja kwa siku moja.

Ikafika mwezi wa nane. Sisi Moravian tarehe 13 Agosti ni siku kubwa, na nimeisikia habari yake toka nikiwa mdogo Rungwe. Mchungaji akasimulia tena. Wale watu wa Herrnhut kule Ujerumani walikuwa wakimbizi, wameacha nyumba na mashamba Moravia kwa ajili ya imani, kuanzia 1722 wakapewa mahali pa kukaa kwenye ardhi ya bwana mkubwa mmoja wa huko, Zinzendorf. Watu waliopoteza kila kitu kwa ajili ya Yesu! Na miaka mitano haijaisha wamegawanyika, wanagombana namna ya kuabudu na nani mwenye imani sahihi. Zinzendorf akaacha kazi yake Dresden akaanza kuwapitia nyumba kwa nyumba, anakaa nao, anaongea nao. Mwezi wa tano 1727 wakawekeana sahihi makubaliano ya kuishi kindugu, na tarehe 13 Agosti wakaenda kanisa la Berthelsdorf kwenye Meza ya Bwana, na pale watu waliokuwa na kinyongo wakalia wakapatana. Kutoka kwa watu hao ndo baadaye wakatoka wamisionari duniani kote mpaka wakafika Rungwe 1891, mpaka bibi yangu akabatizwa, mpaka mimi.

Nimeisikia hiyo labda mara thelathini na siku zote sikio langu linaenda kwenye Meza ya Bwana na machozi. Safari hii likabaki kwenye nyumba kwa nyumba. Alienda milangoni kwao kwanza. Dakika saba kwa miguu, nikasema moyoni.

Ila nilipoenda kwa yule dada wa maandazi, hakuwepo tena. Mwenye nyumba alikuwa kamtoa kwa kodi, nikaulizauliza mpaka nikapata kuwa yuko Mbalizi. Jumapili baada ya ibada nikapanda daladala. Nilibeba debe la viazi, sijui kwa nini, nadhani niliogopa kwenda mikono mitupu. Nikamkuta kwenye chumba kimoja, anafua. Alinikaribisha. Akanipa kigoda yeye akakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa.

Mume alikuwa Chunya kweli, ila mwaka na zaidi simu haipatikani, hajui kama amefukiwa shimoni au ana mke mwingine. Na yale marejesho mawili ya mwanzo ambayo sisi tulimpigia makofi, alikuwa ameyakopa kausha damu, wale wakopeshaji wa riba kali, ili asituangushe. Wale wakawa wanamfuata kila siku kwenye maandazi yake wanachukua mauzo yote, mpaka ngano ikakosekana. Kitenge alipewa na shangazi yake msibani.

Nikamwomba msamaha. Sikusema kama nimekukosea, nilisema nimekukosea, nikataja na yale niliyoyasema kikaoni ambayo pengine hakuwa anayajua. Akanisikiliza mpaka mwisho. Afu akasema, dada, deni nilikuwa nalo, vitu mngechukua tu, ila ungeniacha nimwamshe mwenyewe mwanangu.

Sikuwa na la kujibu. Nililia, na yeye hakulia. Baada ya muda akasema, haya, nimesikia.

Alisema nimesikia. Nimekusamehe hakusema, na nilirudi na daladala nimevunjika moyo kwa sababu kusema kweli nililifuata neno hilo, nilitaka nilipate nikalale. Nilichukua wiki kadhaa kuona kwamba nilikuwa nataka kumdai tena. Msamaha siyo rejesho la Jumamosi. Kuna kitu tunafanya makanisani na vikao vya familia ambacho naona si sawa, mtu kaumizwa, aliyeumiza kaja na pole moja, basi wote tunamgeukia aliyeumizwa, samehe bwana, Mungu anasema usamehe, mbona moyo wako mgumu. Mwache! Msamaha wake ataupanga yeye na Mungu wake. Mimi wa kwangu nilishapewa kule jikoni Ntokela na msalabani, kazi yangu sasa ni kuishi kama mtu aliyepewa.

Kwenye kikoba nilileta hoja. Sikutaka tufute madeni, hela ya sanduku ni jasho la watu, kuna bibi pale hisa zake zinatoka kwenye nyanya za bustani na akija kuumwa hana pengine. Nilichoomba ni kwamba kabla ya dhamana kuguswa watu wawili waende kwa mwenzetu wakakae naye wamuulize hali, bila fomu, na kwamba vitu vya kulalia na kupikia visichukuliwe kabisa. Wengi walikubali, sita wakakataa. Mmoja wa waliokataa alisema kwa uchungu sana, aliwahi kupotelewa na hela yake kwenye kikoba cha zamani na hakuna aliyemhurumia. Kuna waliomnung'unikia alipotoka. Mi nilinyamaza, maana kinywa changu kilikuwa tayari kimefunguka kusema kitu juu yake, na namfahamu huyo mama kwa kikoba tu, nyumbani kwake sijawahi kukaa.

Kochi nimelinunua tena, elfu tisini na tano. Nilipompigia nimpelekee alisema dada hiki chumba hakitoshi kochi, kaa nalo. Lipo sebuleni kwangu. Deni lililobaki namalizia mimi kidogo kidogo, yeye anajua, hakunishukuru na sikutaka anishukuru.

Mbalizi naenda kila baada ya wiki mbili. Kuna siku tunaongea vizuri, kuna siku ana mambo yake nakaa dakika kumi naaga. Maandazi ameanza tena, ya jioni. Mtoto wake bado akiniona anajificha nyuma ya mlango. Jumapili iliyopita nilimkuta amelala kwenye godoro pale pembeni, nikavua viatu nje, tukaongea na mama yake kwa sauti ya chini mpaka alipoamka mwenyewe.