Naruto Akila Rolex Wandegeya

Vijana ninaoishi nao hapa Wandegeya, Kampala, huchora upya wahusika wa katuni za Kijapani, na nikiwasikiliza naona kwamba kinachowavuta ni majonzi ya mhusika kuliko mapigano yake. Mmoja wao alimchora Naruto, yatima aliyetengwa na kijiji chake, akila rolex, yaani chapati iliyoviringishwa na mayai ya kukaanga, kando ya barabara huku mafuta ya chapati yakimchuruzika hadi kiwikoni, na pembeni yake muuzaji akimwongezea nyanya bila kumdai. Mimi, nisiye shabiki hata kidogo, niliitazama kwa muda mrefu. Huko Japani mashabiki wana soko lao, Comiket, lililoanza Tokyo mwaka 1975, wanakouza vijitabu walivyojichapishia. Hapa kwetu tunategemea vibanda vya fotokopi, ambavyo kwa kweli huziharibu rangi.