Nilivyoupanga Ukoo wa Roosevelt Ukaeleweka

Ninafundisha historia kidato cha sita, na kila tufikapo kwenye mdororo mkuu wa uchumi na hatua alizochukua Franklin Roosevelt kuinusuru Marekani, huibuka swali lile lile: huyu na Theodore, aliyekuwa rais kuanzia 1901 hadi 1909, wanahusianaje? Majibu yanayozunguka mitandaoni yameniudhi kwa muda mrefu. Wapo wanaosema ni baba na mwana, na wengi zaidi husema Franklin alikuwa mpwa wa Theodore. Hakuna jibu lililo sahihi kati ya hayo, kwa hiyo niliamua kuuchora ukoo wenyewe kwenye karatasi za manila, kizazi baada ya kizazi. Gharama ilikuwa ndogo: manila, kalamu za rangi na vocha za intaneti, elfu kumi na kitu hivi.

Nilishauriwa, tena na watu ninaowaheshimu, kwamba nianze na marais wenyewe, niwapange kwa miaka yao ya kuzaliwa, kisha nipande kuwatafuta mababu. Nawasihi wenzangu wasiufuate ushauri huo. Theodore alizaliwa 1858, Franklin 1882, na Eleanor, mke wa Franklin, 1884. Ukiwapanga kwa umri, Franklin anakaa sambamba na mkewe, na kwa kuwa Eleanor alikuwa binti wa Elliott, mdogo wake Theodore, mchoro wenyewe unamfanya kila atazamaye aamini kuwa Theodore alikuwa wa kizazi cha baba zao wote wawili. Ukipanda juu mambo yanazidi kuchanganyika, maana baba yake Franklin ni James, babu yake ni Isaac, aliyemzaa Isaac huyo ni James mwingine, na aliyemzaa James huyo ni Isaac tena. Manila ile ilijaa mishale hata haikusomeka, nikaitupa.

Kilichofaulu ni kuanzia kwa babu wanayekutania, Nicholas Roosevelt, aliyezaliwa 1658 na baba Mholanzi aliyehamia New Amsterdam, mji ambao leo ni New York. Nilipiga mistari ya kulala, kila mmoja ukiwa wa kizazi kimoja, na mwaka nikauandika kando ya jina bila kuuruhusu uamue mahali pa mtu. Kushoto nilimweka Johannes, ambaye uzao wake ulikuja kujulikana kama tawi la Oyster Bay, na kulia ndugu yake Jacobus, wa tawi la Hyde Park, majina ya miji miwili ya jimbo la New York. Johannes alizaliwa 1689 na Jacobus 1692. Chini yao wakafuata Jacobus mwingine wa 1724 na Isaac wa 1726. Kisha James wa 1759 na James wa 1760. Kisha Cornelius wa 1794 na Isaac wa 1790. Kisha Theodore mkubwa, baba wa rais Theodore, wa 1831 na James wa 1828. Niliutazama mchoro huo kwa furaha kubwa, kwa sababu kwa vizazi vitano matawi haya mawili yalikwenda pamoja, na hakuna mahali yalipopishana kwa zaidi ya miaka minne.

Yanaachana katika mstari wa sita, na sababu yake ni ndoa. Theodore mkubwa alimpata Theodore akiwa na umri wa miaka 27, ilhali James wa Hyde Park alifiwa na mke wa kwanza mwaka 1876, akamwoa Sara Delano mwaka 1880, na Franklin akazaliwa baba yake akiwa na miaka 53. Sara alizaliwa mwaka mmoja na mwanawe wa kambo, 1854. Kwa hiyo Theodore na Franklin, ingawa wamepishana miaka 24, wako kwenye mstari mmoja, kila mmoja akiwa hatua sita chini ya Nicholas. Eleanor yuko mstari wa saba, kizazi kimoja chini ya mumewe. Walipofunga ndoa tarehe 17 Machi 1905, baba yake Eleanor alikwisha kufariki, na aliyemwozesha ni Theodore, baba yake mkubwa, akiwa rais madarakani. Tangu siku hiyo Theodore akawa mkwe wa Franklin, na naamini uvumi wa mpwa ulianzia hapo.

Ndoa kati ya matawi nilizichora kwa rangi nyekundu. Iko nyingine ya 1904, ya Helen, binti wa yule mwana wa kambo wa Sara, na Theodore Douglas Robinson, mtoto wa Corinne, dada yake Theodore; hao walikuwa mstari mmoja, wa saba. Nyota ndogo niliiweka kwa kila aliyewahi kuwa waziri msaidizi wa jeshi la majini, nami nilishangaa kuona zimefika tano katika ukoo mmoja, zikiwamo za marais wote wawili na ya Robinson huyo. Wanafunzi wangu walimpenda zaidi Kermit, mwana wa Theodore aliyeshuka naye Mombasa mwezi Aprili 1909.

Atakayechora wake asiwaache watoto waliofariki wachanga. Franklin na Eleanor walikuwa na wana wawili walioitwa Franklin: mmoja alizaliwa na kufariki 1909, mwingine alizaliwa 1914 na baadaye akawa mbunge wa New York. Wa kwanza asipoandikwa, anayekutana na miaka hiyo miwili atadhani mmoja umekosewa.